Uyoga wa Kopo si Urithi Wetu

Siku hizi hoja hii haina mpinzani. Inasemwa kwenye mabasi yanayotoka Msamvu, Morogoro, inasemwa saluni, inasemwa nje ya kanisa na msikiti watu wakiagana, na ikishateremka barabara ya Bigwa na Kiroka hadi kufika Mkuyuni imegeuka jambo lisilohitaji ushahidi: uyoga wa dawa unaongeza nguvu. Uwe unga ndani ya vidonge, uwe kahawa ya pakiti, uwe chai ya kopo. Mkulima anywe apande mlima bila kuhema, dereva wa bodaboda anywe akeshe, kijana wa timu ya kata anywe acheze dakika 90 na pumzi ibaki. Ukiuliza, unajibiwa kwamba ni kitu cha asili, hakina madhara, na Wachina wamekitumia maelfu ya miaka. Ukizidi kuuliza unaongezewa jibu linalowanyamazisha wengi: wewe unadharau tiba za asili za Mwafrika.

Nianze na hilo la mwisho, maana ndilo linaloniudhi.

Huku Uluguru kuna uyoga, tena mwingi. Masika ikikolea, wanawake na watoto huingia kwenye vichaka na mashamba yaliyopumzishwa kuutafuta, kama ilivyo sehemu nyingi za nchi hii. Unaothaminiwa kuliko wote ni ule wa kwenye vichuguu. Wakulima wake ni mchwa: wanaukuza ndani ya kichuguu juu ya majani na vijiti walivyokwisha kutafuna, na mpaka leo binadamu, pamoja na maabara zake zote, hajaweza kuulima kibiashara bila wao. Uyoga huo ni mboga. Unaungwa kwa nazi au karanga, unaliwa na ugali, na hapo habari yake inaisha. Mwaka 2003 Marja Härkönen na Tuomo Niemelä wa Finland, pamoja na Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitoa kitabu kizima kuhusu uyoga wa Tanzania, unaolika na unaodhuru. Mwaka 2012 Donatha Tibuhwa wa chuo hicho hicho akachapisha utafiti juu ya majina na matumizi ya uyoga kwa jamii zinazoishi kando ya Ngorongoro na Serengeti. Huo ndio urithi: majina, misimu, namna ya kutofautisha wa kula na wa kuua, maarifa ambayo kwa sehemu kubwa yamo vichwani mwa wanawake wazee wasioalikwa kwenye semina yoyote.

Kilichomo kwenye kopo ni kitu kingine kabisa. Mara nyingi ni mojawapo ya aina mbili. Ya kwanza ni Ganoderma, ambayo Wachina huiita lingzhi na Wajapani reishi, uyoga mgumu kama ubao. Jamaa zake huota hapa kwetu pia, kwenye visiki na mashina ya miti mizee, na mkulima akiuona kwenye mti ulio hai anajua kwamba mti huo umeanza kuoza. Ya pili ni uyoga wa kiwavi, maarufu kwa jina la Cordyceps. Huu huvamia kiwavi aliye ardhini katika nyanda za Tibet na milima ya Himalaya, humuua, kisha huchipua kichwani mwake theluji ikiyeyuka. Makazi yake ni zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Kimhandu, kilele kirefu kuliko vyote Uluguru, hakifiki mita 2,700. Kwa hiyo anayesimama kwenye gulio la Mkuyuni na kukuambia kwamba anakurudishia hazina ya mababu, muulize ni mababu wa nani.

Tena uyoga wa kiwavi halisi huuzwa maelfu ya dola kwa kilo. Huo hauwezi kuwa ndani ya kopo analolimudu muuza ndizi. Kinachowekwa ni nyuzi za kuvu zilizokuzwa kwenye matangi ya kiwanda, au aina nyingine ya jamii hiyo iliyooteshwa juu ya nafaka, pengine ikasagwa pamoja na nafaka yenyewe. Na hata kile kilichoandikwa kwenye lebo hakina uhakika: uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 ulipima bidhaa 19 za reishi zilizonunuliwa Marekani, nchi yenye wakaguzi na mahakama kila kona, ukakuta 5 tu ndizo zilizokuwa na kile zilichodai kuwa nacho. Hapo sijazungumzia bidhaa zinazofika Morogoro ndani ya begi la abiria.

Na tiba asili yenyewe ina utaratibu: Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ipo tangu mwaka 2002, na baraza lake lipo. Mganga anayeifuata amesajiliwa, anajulikana anakokaa, na mgonjwa asipopona anajua pa kumrudia. Tena mganga anauliza: umeanza lini, unalala vipi, umekula nini, nyumbani kwenu kuna nini. Kopo haliulizi. Anayewaweka hawa wawili kwenye kapu moja ndiye anayeidharau tiba asili, wala si mimi.

Sasa tuingie uwanjani, maana huko ndiko hoja ya nguvu na pumzi ilikozaliwa. Ina tarehe na ina mahali. Septemba 1993, mjini Beijing, kwenye Michezo ya Taifa ya China, wasichana wa kocha Ma Junren walikimbia mbio ambazo dunia haikuwahi kuziona. Tarehe 8 Wang Junxia alimaliza mita 10,000 kwa dakika 29 na sekunde 31.78. Rekodi aliyoikuta, ya Ingrid Kristiansen wa Norway, ilikuwa dakika 30 na sekunde 13.74. Alipunguza karibu sekunde 42 kwa mkupuo mmoja, katika mchezo ambao kupunguza sekunde 2 ni sherehe. Siku chache zilizofuata rekodi za mita 1,500 na 3,000 nazo zikaenda. Kocha alipoulizwa siri yake akataja mazoezi makali, damu ya kobe na uyoga wa kiwavi. Wafanyabiashara hawakuhitaji kusikia zaidi. Mpaka leo, zaidi ya miaka 30 baadaye, kila mwuza vidonge vya uyoga anaishi kwa mgongo wa wasichana wale, hata kama hajui majina yao.

Yaliyofuata hayasimuliwi kwenye semina za wauzaji. Mwaka 2000, kabla ya Olimpiki ya Sydney, wakimbiaji sita wa Ma waliondolewa kwenye timu ya China baada ya vipimo vya damu kutia shaka. Februari 2016 vyombo vya habari vya China vikatoa barua iliyoelezwa kuwa iliandikwa mwaka 1995, yenye saini ya Wang na wenzake tisa, ikisema kwamba kwa miaka walilazimishwa kutumia dawa zilizopigwa marufuku michezoni. Kama barua ile ni ya kweli, basi shahidi mkuu wa uyoga wa nguvu ni timu iliyopewa vitu viwili, kimoja kikatangazwa na kingine kikafichwa.

Wanasayansi hawakuipuuza hoja, waliipima. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walichukua waendesha baiskeli 22 wenye mazoezi, wakawapa baadhi yao gramu 3 za Cordyceps kila siku kwa wiki tano na wengine vidonge bandia. Mwisho wake hakukuwa na tofauti, si katika uwezo wa kutumia oksijeni wala katika muda wa mbio. Upande wa pili nao una yake. Mwaka 2010 walipimwa watu 20 wenye umri wa miaka 50 hadi 75, baadhi yao wakitumia kirutubisho hicho kwa wiki 12. Waliokitumia walistahimili kazi nzito kiasi kabla mwili haujaanza kulemewa, ingawa kiwango chao cha juu cha kutumia oksijeni hakikupanda. Mwaka 2017, kati ya vijana 28, baadhi walipewa mchanganyiko wa uyoga gramu 4 kwa siku. Baada ya wiki moja hakukuwa na la maana, na wale wachache walioendelea hadi wiki tatu walionyesha nafuu. Nayataja haya kwa sababu mlumbi anayeficha ushahidi wa upande wa pili hana tofauti na mchuuzi. Ila uupime ushahidi wenyewe: watu makumi machache, matokeo yanayogongana, na, katika majaribio ya 2004 na 2017, dozi ya gramu 3 hadi 4. Kidonge cha kawaida hubeba kama nusu gramu. Ni vidonge 6 hadi 8 kila siku. Anayekuuzia viwili asubuhi na jioni hajakufikisha kwenye dozi hizo.

"Lakini mimi nilikunywa nikapata nguvu!" Naamini. Geuza pakiti ya kahawa ya uyoga usome viungo. Cha kwanza huwa ni kahawa, na nyuma yake kwa kawaida sukari na unga wa maziwa. Kafeini ndiyo kitu ambacho sayansi ya michezo imekipima miaka na miaka na kukuta kinasaidia kweli pumzi, kwa miligramu 3 hadi 6 kwa kila kilo ya mwili. Ilikuwa na nguvu ya kutosha kuwekewa mipaka kwenye michezo ya kimataifa mpaka mwaka 2004. Kahawa tunalima wenyewe, Kagera, Kilimanjaro, Mbozi, na mzee anayepita na birika lake na kashata hakuwahi kudai kwamba anatibu figo.

Wakimbiaji wetu nao wana la kusema. Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch mwaka 1974, miaka 19 kabla ya hadithi ya Beijing. Alphonce Simbu alishika nafasi ya tano kwenye marathoni ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016, akapata shaba ya dunia London mwaka 2017, na ilipofika Septemba 15, 2025, mjini Tokyo, akampita Amanal Petros wa Ujerumani kwa sekunde 0.03 baada ya kilomita 42 na kuiletea Tanzania dhahabu yake ya kwanza ya mashindano ya dunia ya riadha. Kati ya nafasi ya tano na dhahabu ilipita miaka tisa. Pumzi ni moyo uliozoezwa kusukuma damu nyingi kwa pigo moja, ni chembe nyekundu za kubeba oksijeni, ni misuli iliyofundishwa kuitumia hiyo oksijeni na akiba ya wanga iliyotokana na chakula. Mtoto wa Mkuyuni anayepanda kwenda shamba na kushuka na mzigo anazoeza viungo hivyo kila siku bila kulipa kiingilio.

Na huyo mtoto, kama ana ndoto ya kuchezea timu ya Mtibwa Sugar, kopo linaweza kumgharimu zaidi ya fedha. Kati ya mwaka 2000 na 2001 watafiti wa maabara ya Cologne walikusanya virutubisho 634 kutoka nchi 13, vyote vikiwa vya kawaida dukani. Kwenye 94 walikuta homoni za kujenga misuli ambazo hazikuandikwa popote kwenye lebo. Kanuni ya dunia haisikilizi utetezi wa "sikujua": kilichokutwa mwilini ni cha mwenye mwili.

Wanasema hakina madhara kwa kuwa ni cha asili. Hata uyoga unaoua ni wa asili, na wazee wa Uluguru wanalijua hilo bila kwenda shule. Lakini hebu tuchukue uyoga wa kiwavi wenyewe. Dawa ya siklosporini, iliyowapa uhai watu wengi waliopandikizwa figo, ilitokana na kuvu aliyepatikana kwenye udongo wa Hardangervidda, Norway, na baadaye ikabainika kwamba kuvu huyo ni wa ukoo wa Cordyceps. Fingolimodi, dawa ya ugonjwa wa mishipa ya fahamu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2010, nayo asili yake ni kuvu anayekula wadudu. Zote mbili zinafanya kazi kwa kupunguza kinga ya mwili. Kwenye semina tunaambiwa ukoo huu unaongeza kinga. Inawezekana aina moja inafanya hili na nyingine lile, na ndiyo maana dawa hizo zilichukua miaka ya majaribio, vipimo na tahadhari kabla ya kuwekwa mkononi mwa mgonjwa. Kitu chenye uwezo wa kubadili mwili kina uwezo wa kuudhuru. Kisichoweza kudhuru kwa dozi yoyote hakina uwezo wa kufanya lolote. Unga wa lingzhi umehusishwa na kuumia kwa ini katika ripoti za madaktari wa Hong Kong mwaka 2004 na Thailand mwaka 2007. Na Februari 2016 serikali ya China yenyewe, nyumbani kwa uyoga wa kiwavi, iliwaonya wananchi wake kwamba bidhaa za uyoga huo zilikutwa na aseniki nyingi kuliko kiwango kinachoruhusiwa.

Ila madhara makubwa ninayoyaogopa hayamo ndani ya kopo. Mkuyuni watu wamechoka kweli, na uchovu wao una sababu. Mama anayeshuka kutoka Kinole na mkungu kichwani, akauza, akapanda tena na chumvi na mafuta ya taa, ana haki ya kuchoka. Lakini kuna uchovu wa kazi, ambao usingizi unaumaliza, na kuna uchovu unaoamka nao. Huo wa pili mara nyingi ni damu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Malaria inavunja chembe nyekundu, minyoo ya safura inanyonya damu utumboni, kichocho kinaimwaga taratibu kwenye mkojo, na hedhi nzito bila chakula chenye madini ya chuma inamalizia. Pembeni kuna kisukari, kuna kifua kikuu, kuna moyo uliochoka na shinikizo lisilopimwa. Kila mojawapo huanza kwa maneno yale yale: mwili hauna nguvu. Na kila mojawapo una kipimo. Cha haraka cha malaria hutoa jibu kwa takriban dakika 15, na wingi wa damu unajulikana kwa tone moja la kidoleni.

Mwuza uyoga hatoboi kidole. Akija na kipimo, ni kimashine cha kushika mkononi kinachotoa majibu ya mwili mzima kwa dakika moja, kurasa na kurasa, kuanzia ini hadi mifupa, bila tone la damu. Kimashine hicho hakipimi kitu. Kazi yake ni kumtisha mteja, na ajabu ni kwamba tiba ya kila alichokiona ipo mezani pale pale. Matokeo yake mwenye kisukari anaondoka na kahawa ya uyoga iliyojaa sukari, na mwenye kifua kikuu anaendelea kukohoa nyumbani kwa miezi mitatu akisubiri "sumu zitoke mwilini."

Mwuzaji mwenyewe simlaumu sana. Mara nyingi ni mwalimu aliyestaafu, kijana aliyemaliza chuo bila kazi, dada aliyefiwa na mume. Ameambiwa ni fursa. Amelipa kiingilio, amenunua makopo ya kuanzia, na ameelezwa kwamba faida kubwa haitokani na kuuza bali na kuingiza watu chini yake. Akishafika hapo hana budi kuwaangalia shangazi zake na majirani zake kama wateja. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, nacho sasa kinajitembeza kwa miguu ya ndugu zetu. Nchi hii iliuona mradi wa upatu wa DECI ukianguka mwaka 2009 na akiba za watu. Mwaka 2011 tukapanga foleni Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapila, maarufu kama Babu. Angalau Babu alitoza shilingi 500 na hakumtaka mgonjwa alete wagonjwa wengine chini yake.

Kinachosikitisha ni kwamba dawa ya nusu ya uchovu wa Mkuyuni imetapakaa kando ya barabara. Maharage, mchicha na dagaa vina madini ya chuma. Chuma cha kwenye mboga na maharage hufyonzwa vizuri zaidi kikiliwa pamoja na tunda chachu, na machungwa msimu wake ukifika Mkuyuni hayana hata mnunuzi. Chai ya rangi inayonywewa juu ya chakula hukizuia. Kusogeza chai saa moja mbele na kumega chungwa baada ya ugali hakuna kamisheni ya mtu yeyote, ndiyo maana hakuna anayekuandalia semina.

Halmashauri na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) wasisubiri mtu afe ndipo watoe tamko. Watu wanaokusanya wanakijiji ukumbini na kudai kutibu kisukari, presha na uchovu kwa kopo moja waulizwe usajili wa bidhaa na leseni ya anayepima, pale pale, mbele ya wateja. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) hawako mbali. Wanaweza kupanda gari wakaja kuwafundisha vijana kuotesha uyoga wa mamama kwenye mabua na maganda, wakauza mboga badala ya kuuza ahadi.

Na wewe ndugu msomaji, ukiona uchovu umepita wiki mbili, tangulia kituo cha afya ukapimwe malaria, damu na sukari. Majibu yakitoka safi na bado unatamani uyoga, nenda sokoni, nunua fungu la mamama, ukaange na kitunguu na nyanya, ule na watoto. Chenji ni yako.